Siku Niliyotafsiri Uchaguzi wa El Salvador

Naona haya hata kulisimulia hili, lakini afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa wauza mitumba wa soko la Toi, maana wao wameshalitia chumvi mpaka halitambuliki. Mimi ni fundi viatu, na pale sokoni wananiita Profesa (jina nililojipa mwenyewe, nakiri).

Jirani yangu Mama Rukia, Mnubi anayeuza mandazi, ana mtoto mmoja tu wa kiume, Idrisa, anayecheza mpira huko El Salvador. Asubuhi moja akaniletea simu, akasema huko wanachagua wabunge na kuna habari imeingia kwa Kihispania, nimsomee. Ningesema sijui ingeisha hapo, lakini wateja walikuwa wamesimama wananitazama, basi nikakohoa kidogo, nikaliona neno “diputados” limejaa kila mstari, nikajua hiyo ni dispyuti tu, yaani matokeo yamepingwa, na sisi wa Kibera tunajua matokeo yakipingwa kinafuata nini: moto, mapanga na maiti.

“Kuna dispyuti, mama,” nikamwambia. “Na ni kubwa. Iko kila mahali kwa hii page.”

Akampigia Idrisa, simu imezimwa (huko ilikuwa usiku, kijana amelala, lakini nani alilifikiria hilo), akapiga tena na tena huku mandazi yanaungua, akaketi chini akaanza kulia, wanawake wenzake wakaja na mikeka, na mimi, Mungu anisamehe, nikasaidia kubeba viti kama vya matanga.

Mchana mtu akamleta Njeri kutoka mtaa wa Satellite, mwalimu wa Kihispania. Akasoma taratibu, watu wote wakisikiliza.

“Diputados ni wabunge,” akasema. “Wanasema watu wamepiga kura kwa amani.”

Wakanigeukia wote. Nikashika kiatu cha mteja nikajifanya nashona, na sindano sikuwa nayo.

Idrisa alipiga saa kumi jioni, ndiyo kwanza ameamka. Mama Rukia hakunitukana, na afadhali angenitukana.

“Nimemlilia mtoto wangu akiwa hai,” akaniambia. “Si ungesema tu hujui?”

Ananisalimia bado, vizuri kabisa. Lakini habari za huko zikiingia, anapita mbele ya kibanda changu na simu mkononi, anaenda kwa miguu mpaka Satellite kwa Njeri. Nimeapa kutosoma nisichokijua, na neno “sijui” siku hizi nalitamka bila shida, ila yeye haniulizi tena.