Chumvi ya Jua na Rajabu Wangu wa Koboko

Kichwa changu kinakataa kabisa. Rajabu amezikwa jana Koboko, na leo alfajiri, kabla sijatoka Arua, nimeshika simu nimpigie nimuulize kama ni kweli.

Ninyi mnaonifuata hapa hamkumjua. Miaka ya sabini tulikuwa walimu vijana shule moja pale Arua, yeye sayansi, mimi historia. Mnubi, mcheshi, shati jeupe hata sabuni ilipoadimika.

Siku moja akaingia staff room na boksi tupu. Upande mmoja ufa mwembamba kati ya nyembe mbili, upande wa pili kioo cha pembetatu cha lab. Akaniambia nielekeze kwenye mwanga wa jua. Nikaona rangi zote zimejipanga, na kwenye njano mstari mweusi, mwembamba kama uzi.

"Ile ni sodiamu, ile ya ndani ya chumvi," akasema. "Iko kule kwa jua. Nyota nazo unasoma hivyo hivyo, kila moja iko na nini."

Jamani. Arua nzima chumvi hakuna, halafu jua linayo?

Nikampeleka kijijini kwetu Adumi, kwa mama yangu, aliyekuwa akitupikia maharage kwa chumvi ya majivu kama wengi wakati ule. Rajabu akatupa motoni chumvi ya duka, kidogo aliyotoka nayo kwao. Moto ukawa njano. Ya mama ikatoa zambarau hafifu. Mama akauliza ya jua ni ipi kati ya hizo. Rajabu akajibu kwa adabu kwamba inayoonekana wazi ni ya duka. Mama alinuna mpaka tunaondoka.

Mimi nikabaki na swali: motoni inaleta njano, mbona kwenye jua inaleta weusi? Akasema jua linatuma rangi zote, ila sodiamu iliyo juu yake inakamata njano yake njiani. Pale njano inapokosekana, ndipo yenyewe ilipo. Nikamwambia huo ni ujanja wa walimu wa sayansi. Kitu kikikosekana kinakuwaje ushahidi?

Vita ya sabini na tisa ikatutawanya, yeye Sudan, mimi Kongo. Tukarudi, tukazeeka, tukiwa bado tunabishana. Kila akipiga simu salamu ilikuwa hiyo: "Mutu ya historia, umeelewa?" Nami namjibu bado.

Sasa nipo msibani kwake. Mkeka wa barazani umejaa, watu wamebanana, ila karibu na mlango pameachwa wazi. Hakuna aliyesema pasikaliwe. Mgeni kutoka Ajia alitaka kukaa, akasita, akamuuliza mjane, Mama Amina, hapo ni pa nani.

"Ya Mwalimu," akasema, kama alivyozoea kumwita mumewe.

Tangu hapo napaangalia tu. Sijui kama ndivyo ulivyokuwa unamaanisha, Rajabu, na wa kumuuliza ni wewe.

Lala pema, ndugu yangu. Ungenipigia leo ukaniuliza, ningekuambia nadhani ndiyo.