Kigoda Nisichokitoa Nje

Kiingereza cha kutembeleana nilifundishwa na bibi mmoja Mzungu, katika shule ya misheni juu ya kilima karibu na mji wa Kisii, miaka ya sitini. Sisi tulijua Kiingereza cha vitabuni tu, cha kusema mfalme alikufa na mto ulifurika. Yeye akaona hicho hakitoshi. Basi alimtoa mmoja wetu nje, akafunga mlango, na aliye nje akabisha. Ukifunguliwa unasema, "I was just passing," yaani nilikuwa napita tu, nikaona nikuchungulie. Wa ndani anatabasamu na kujibu, "How nice of you to drop in," kwamba umefanya vizuri kupitia. Mnaongea habari za mvua. Robo saa ikiisha mgeni anaondoka, na mwenyeji hamzuii. Kumzuia ni kukosa adabu, alisema bibi, maana mtu amekwambia mwenyewe kwamba anapita.

Tulicheka mpaka machozi. Mgeni wa robo saa, Kisii? Kwetu mgeni hata akiapa ana haraka, unamketisha, unampa obokima, ule ugali wa wimbi, na mboga, na maziwa ya kuganda, na hakuna anayethubutu kumwuliza kilichomleta. Akishakula na kunawa mikono, hapo ndipo anakohoa na kusema, "Sasa, nimekuja kwa jambo hili." Kabla ya chakula, neno halitoki. Ukimwacha aondoke bila kula, ameondoka nalo.

Lakini mchezo ule niliuweza kuliko wote, na likizo nikauchukua mpaka nyumbani, Nyamarambe. Nikawapanga wadogo zangu mlangoni pa jikoni, huyu abishe, yule afungue. Tata, ndivyo tunavyomwita baba, alikuwa ameketi kando akichonga mpini wa jembe. Herufi hata moja hakuijua, ila sikio alikuwa nalo. Jioni akaja akasimama mlangoni, akavua kofia, akasema, "Ai wosi jasti pasingi." Mama alicheka akajishika mbavu. Tangu siku hiyo likawa neno lake. Akitoka shambani, akitoka kanisani, akirudi kutoka kufunga ng'ombe hatua kumi tu, alikuwa anapita. Nilimpenda sana mtu yule, na ninapoandika haya naumia.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwalimu karibu na Keroka, nimeoa, nina nyumba ya mabati na seti ya vikombe. Nilijiona mtu, jamani. Ijumaa alasiri walimu wenzangu wawili walikuwa wakija kunywa chai kwa mkate, na tuliongea Kiingereza tu, hata cha kuombana sukari. Upuuzi mtupu, lakini tuliuona ndio ustaarabu.

Ijumaa moja, katikati ya chai hiyo, mtu akabisha. Nikafungua. Tata alikuwa amesimama chini ya upenu, hatua mbili kutoka kizingiti, kwa sababu kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo ni heshima, kila mtoto anaijua. Na kila mtoto anajua linalofuata: mwana anatoa kigoda nje, wanaketi pamoja chini ya upenu, na chakula kinaletwa huko huko. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na koti lilimpwaya. Nililiona hilo. Nikadhani koti limechakaa.

Akavua kofia, akasema lile neno lake la kupita.

Nyuma yangu wenzangu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini uso uliniwaka. Niliona haya. Kwa nini nifiche? Nilimwonea haya baba yangu mzazi, na miguu yake yenye vumbi, na Kiingereza chake nilichompa mimi mwenyewe. Nikamjibu kama nilivyofundishwa, kwa Kiingereza, nikitabasamu, kwamba amefanya vizuri kupitia. Kisha nikaongeza kwa Kikisii, "Tata, nina wageni. Na jua linakaribia kutua, Sabato inaingia, usije ukachelewa."

Akanitazama kidogo. "Ee, una wageni," akasema. "Wasalimie." Akavaa kofia, akaenda.

Hebu niambie wewe unayesoma: mtu wa Nyamarambe anapita Keroka akienda wapi? Nyamarambe iko upande wa pili kabisa wa mji wa Kisii. Tata hakuwa na shamba huku, wala ng'ombe, wala shemeji. Na Msabato yule, ambaye Ijumaa saa tisa alikuwa ameshaoga anangoja jua litue, alikuwa anatafuta nini safarini? Mjinga angeuliza. Mimi msomi nilifunga mlango nikarudi kwenye chai.

Mke wangu alikuwa jikoni nyuma ya nyumba, akauona mgongo wa mzee ukipotelea njiani. Akaja mbio.

"Si ni Tata yule? Amekula nini?"

"Alikuwa anapita tu," nikasema.

"Anapita! Umemwacha Tata aende hata maji hajanywa? Una wazimu wewe?"

Alinyakua kibuyu cha maziwa akakimbia mpaka steji. Basi lilikuwa limeondoka. Siku mbili hakunisemesha, na mimi, kichwa kigumu, nikanuna pia.

Baada ya mwezi mmoja Mama alituma mtu kuniita. Nilimkuta Tata amelala, amebaki mifupa. Mama akanitoa nje, akanieleza kwa sauti ya chini. Chakula kilikuwa hakishuki tangu wakati wa kuvuna wimbi. Kwanza alishindwa na obokima, halafu ndizi, akabaki na uji mwepesi. Ijumaa ile alikuwa ametoka alfajiri kwenda hospitali mjini. Alipofika langoni akasikia watu wanaongea Kiswahili na Kiingereza, akaogopa, yeye na Kikisii chake tu. Akaona bora amfuate mwalimu Keroka, aje amsemee.

"Aliporudi alisemaje?" nikauliza.

"Alisema una wageni."

Nilikaa chini hapo hapo kwenye matope. Alikuwa amekuja mlangoni pangu na jambo lake, akangoja kigoda. Ningempa tonge moja tu la obokima, ningejua yote bila yeye kusema neno.

Kesho yake nilimpeleka, amelala nyuma ya pikapu juu ya majani ya migomba. Daktari alikuwa mgeni nchini, hajui Kikisii, Kiswahili hajui pia. Nikamsemea Tata. Nilisema vizuri, bila kukwama. Daktari alimpapasa shingo na tumbo, akauliza ameshindwa kumeza tangu lini. Akauliza amepungua kiasi gani. Kila swali ilibidi nimgeukie mgonjwa, maana mwana sikujua lolote. Mwishowe akaweka kalamu chini. Akasema sasa hakuna la kufanya, kisha akauliza kwa nini sikumleta mapema.

Tata alinigeukia. "Anasemaje?" akauliza, sauti haitoki sawasawa.

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia, "Anauliza kwa nini tumechelewa."

Alifumba macho. Kisha akasema, "Mwambie mimi ndiye niliyekataa. Mwambie ulinisihi sana."

Nikamgeukia daktari, nikatafsiri neno kwa neno, kwa Kiingereza safi. Daktari akanipiga bega kwa upole, akasema mzee ana bahati kuwa na mwana kama mimi.

"Anasemaje?" Tata akauliza tena.

Hilo sikumtafsiria.