Macho ya Majabalini Lipingo

Nilishuka kutoka Mbinga, ninakofundisha, nikaenda kukaa likizo kwa shangazi yangu Lipingo. Nilimkuta amekonda. Ziwa liko karibu kabisa na mlango wake, lakini maji alikuwa akiyafuata nyuma ya kilima, ndoo kichwani, na umri wake ule.

"Shikamoo shangazi. Mbona unachota mbali hivyo?"

"Marahaba. Nenda kaone mwenyewe."

Kwenye majabali ya ufukweni ambako tangu utoto wangu watu walijisaidia, palikuwa pamechorwa macho. Makubwa, meupe, mboni nyeusi, yakimkodolea kila anayekaribia. Hapakuwa na maandishi yoyote. Jirani aliyekuwa akianika dagaa aliniambia kuwa watu wa mradi fulani walikuja, wakachora, wakaondoka. Alizungumza akiwa ameyapa majabali kisogo. Ufuko ulikuwa safi kuliko nilivyowahi kuuona, na kimya. Nami mtu mzima nikajikuta naweka kanga yangu sawa.

Miaka ya nyuma mume wa shangazi alikuwa amezama ziwani siku ya upepo, na mwili wake haukupatikana. Jioni ile shangazi aliniambia, "Najua ni rangi tu. Lakini nikiinama kuchota, ananitazama. Ananiuliza kwa nini nilimwacha aende."

Bwana afya alipokuja kwenye mkutano wa kijiji, nilimsindikiza shangazi. Shangazi alisimama akishikilia bega langu.

"Mwanangu, yale macho ni ya nini?"

"Mama, mtu akijiona anatazamwa, anaacha uchafu. Mkojo na kinyesi ziwani ndivyo vinavyoeneza kichocho. Na mmeacha, au siyo?"

"Tumeacha. Ila sababu yake naisikia leo. Mbuzi ndiye hutishwa atoke shambani, maana haelewi maneno. Sisi mngetuambia, tukaamua. Hata kama tungekataa."

"Mkikataa, watoto waendelee kukojoa damu?"

"Ungerudi kutuambia tena," shangazi alisema.

Kijiji kilikubaliana macho yafutwe, na suala la choo kila nyumba iamue yenyewe. Shangazi alikuwa wa kwanza kuchimba. Mimi nilishika jembe. Kisha akaanza kupita nyumba kwa nyumba, akieleza kichocho kwa Kinyasa. Wengi walimsikiliza. Wachache walirudi majabalini.

Miezi ikapita, binti wa jirani akaanza kukojoa damu. Alipelekwa Mbamba Bay, akapewa dawa, akapona. Sasa anacheza uani kwa shangazi kama wenzake. Lakini shangazi akimwona huacha anachokifanya, akamtazama mpaka mtoto anaona haya na kuondoka.

"Yale macho yangebaki, asingeugua," aliniambia niliporudi kwake likizo iliyofuata.

"Labda, shangazi."

"Na bado ningesema yafutwe." Alingoja nimjibu. Mpaka leo, nikiwa darasani huku milimani, bado namsikia akiningoja.