Njia ya Uongo ya Risten

Niillas, mfugaji wa kulungu wa theluji, hakubisha hodi. Aliingia na viatu vyake vya theluji, akakanyaga zulia, akatupa kijitabu mezani kando ya birika la kahawa.

"Soma," akasema.

"Sina miwani."

"Miwani iko kichwani kwako."

Risten akaishusha taratibu, makusudi. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na hakukumbuka siku aliyowahi kumpenda binamu yake huyu, tangu walipokuwa watoto wakigombea nafasi ya mbele kwenye mashua ya babu. Kijitabu kilikuwa cha karatasi ya kung'aa: Njia ya Urithi ya Nchi Mbili, kutoka ukingo wa mto Deatnu upande wa Ufini, kupanda milimani, hadi Norwei. Picha za nyumba za magogo, picha za maporomoko, picha ya mzee mmoja anayecheka ambaye bondeni hapo hakuna anayemjua. Katikati palikuwa na ramani yenye mstari mwekundu uliopanda mteremko mkali, na chini ya mstari maneno haya: njia hii ya mababu imetunzwa katika kumbukumbu za Risten, mwongozaji wa wageni, mzaliwa wa hapa.

"Juzi wamepita watu tisa," Niillas akasema. "Na mbwa wawili. Wameteleza na ski zao katikati ya kulungu wangu, majike yakiwa yanazaa. Kundi lote limekimbilia ng'ambo ya bonde. Unajua nimeokota nini kwenye theluji?"

Risten akakifunga kijitabu.

"Ndama watatu. Wamelala kama soksi zilizoanguka kutoka kwenye kamba ya nguo. Mmoja alikuwa bado anahema nilipofika." Akavuta kiti, lakini hakukaa. "Sasa niambie, binamu. Babu alipita lini mteremko ule? Nani alikwambia?"

"Bibi."

"Bibi alikuwa na goti moja zima. Mteremko ule hata mbwa wangu anaomba kubebwa."

Akaegemea meza kwa mikono yote miwili, akamtazama usoni muda mrefu, na polepole akaanza kucheka kicheko kisicho na furaha.

"Kinamasi," akasema. "Unaficha kile kinamasi chako."

Ilikuwa kweli.

Bonde zima lilijua kwamba Risten ana kinamasi chake cha luomi, yale matunda ya rangi ya asali yanayomea kwenye majimaji, tunda moja kwa kila kikonyo. Hakuna aliyejua kiko wapi. Kumwuliza mtu wa kule anakochuma luomi ni kukosa adabu; akikujibu, amekudanganya, nawe utamshukuru na kwenda zako. Watu ambao hawajawahi kuibiana hata sindano hudanganyana juu ya luomi bila kupepesa macho, tena mlangoni mwa kanisa, mchungaji akiwa anasikiliza na kudanganya pamoja nao.

Kinamasi hicho Risten alionyeshwa na mama yake akiwa na miaka saba, kabla ya kupelekwa shule ya bweni ambako walimnyang'anya lugha yake kwa miaka sita na yeye akairudisha kwa matusi. Mama alimfundisha kutopita njia moja mara mbili, nyasi zisije zikalala zikawa kichochoro. Alimfundisha kuondoka nyumbani akielekea upande usiofaa, na kurudi na matunda mengine, yale meusi ya kila mahali, yametandazwa juu ya ndoo. Mwaka mmoja Niillas alimfuata kwa mbali tangu alfajiri. Risten alimzungusha kwa muda wa saa tisa, akamwacha kwenye matope hadi mapajani, akarudi nyumbani kunywa kahawa.

Kwa viangazi ishirini na saba alipiga makasia mtoni, akiwapeleka matajiri wa mbali kuvua samoni. Wao walishika fimbo na kupigwa picha. Yeye ndiye aliyejua samaki amelala nyuma ya jiwe lipi. Kisha samoni wakapungua, serikali mbili zikafunga uvuvi, na mashua ikageuzwa tumbo juu nyuma ya banda. Watoto hakuwa nao. Mume alihamia mji wenye duka la vifaa vya magari, akabaki huko. Ulipofika uzee, kitu pekee ambacho hakuna ofisi wala mwanamume aliyeweza kukigusa kilikuwa kile kinamasi, kwa sababu hakuna aliyejua kilipo.

Halafu vuli iliyopita akaja Torunn. Alikuwa mwanamke wa kusini mwa Norwei, amevaa koti jipya, ameajiriwa na nchi zote mbili kutafuta njia ya zamani ambayo watu waliipita kwenda kanisani. Alikunywa kahawa, akasifu jibini iliyotumbukizwa ndani yake bila kuila, akatandaza ramani na kuuliza: njia ilipita wapi?

Njia ilipita ukingoni mwa kinamasi. Mdomo wa Risten ulijibu kabla kichwa hakijafikiri. Kwa kalamu ya mgeni mwenyewe alichora mstari mbali kabisa na pale, juu ya mteremko ambao hakuna mwenye akili angeupanda, akamtakia safari njema. Alidhani Torunn angefanya kama mtu yeyote: angesema asante na asiamini neno. Torunn aliamini. Alikwenda akachapisha.

"Torunn anafanya kikao Alhamisi," Niillas akasema. "Wanapitisha njia iwe ya kudumu. Wakishapitisha, kila majira ya kuzaa nitakuwa naokota soksi. Utasimama useme ulidanganya."

"Sema wewe. Mdomo unao."

"Nimekwisha sema. Nimepiga simu mara nne. Kwao mimi ni mfugaji tu, kila siku nalalamika. Nililalamikia mitambo ya upepo, nikalalamikia nguzo za umeme. Wameniambia mama mwenye kumbukumbu ni wewe." Alilitamka neno kumbukumbu kama anayetema mfupa wa samaki. "Alhamisi. Usiponyanyuka wewe, nitakunyanyua mimi kwa kola."

Akatoka, mlango akauacha wazi.

Siku mbili zilizofuata Risten alizitumia kutafuta uongo mwingine. Alipanda na ski zake asubuhi theluji ikiwa ngumu, akitafuta mahali pa kuusogeza ule mstari pasipomdhuru mtu. Bonde la kwanza lilikuwa na mitego ya ndege ya mzee Aslat. La pili lilikuwa na jiwe la kale ambalo wazee walikuwa wakilipaka mafuta ya samaki, na hakutaka mgeni akae juu yake ale mkate. La tatu lilishuka moja kwa moja kwenye jabali. Kila alipogusa kwa ncha ya fimbo yake palikuwa na mwenyewe. Hapakubaki uongo wa bure.

Alhamisi ukumbi wa kijiji ulijaa. Torunn alisimama mbele na kuongea juu ya fahari ya pamoja na asili isiyojua mpaka. Niillas alikaa mstari wa nyuma, mikono kifuani. Torunn alipouliza kama kuna la kuongeza, Risten akanyanyuka.

"Mstari si wenyewe," akasema. "Njia haikupita pale."

"Risten, ulikuwa na uhakika kabisa."

"Nilikudanganya."

Torunn akatabasamu kidogo, akingoja kuelezwa utani. "Kwa nini unidanganye?"

"Uliuliza."

Mtu alikohoa kuficha kicheko. Wengine walitazama sakafu, kwa sababu hapakuwa na hata mmoja mle ndani ambaye asingefanya vilevile. Torunn hakutabasamu tena. Shingo ilimwiva.

"Nimechapisha vijitabu elfu sita kwa neno lako. Sasa unataka niamini neno lako la pili? Au binamu yako amekutisha?"

"Huyu hajawahi kunitisha."

"Basi nionyeshe. Si kwenye ramani. Kwa miguu."

Risten akageuka kumtazama Niillas. Niillas alikuwa amekaa wima, masikio yamesimama kama ya mbwa aliyesikia karatasi ya nyama. Risten akaelewa kwamba hatakwenda na Torunn peke yake.

Walikwenda watatu, kesho yake asubuhi. Kila mahali upepo ulipofagia theluji palikuwa na rundo dogo la mawe yaliyopangwa na mikono ya watu, na la juu kabisa lilikuwa refu, limelazwa kuonyesha upande wa kwenda. Kwenye rundo la nne Torunn alivua glavu, akagusa kuvu kavu iliyochukua mamia ya miaka kushika jiwe. Kisha wakatokea kwenye uwanda mweupe, tambarare, uliozungukwa na miti mifupi ya vibetula. Risten akasimama.

"Inapita hapa pembeni," akasema.

Torunn akatazama. "Na hiki ndicho ulichokuwa unaficha?"

"Ndicho."

"Hakuna kitu hapa." Hakusema kwa ubaya, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ndama watatu wamekufa kwa ajili ya uwanja mtupu."

Niillas alikuwa akihesabu vibetula, akitazama mlima wa kulia, kisha wa kushoto, akipanga pale mahali kichwani mwake kama mtu anayekariri namba ya simu. Risten alimwona. Miaka thelathini alimficha mahali hapo, na sasa amemleta kwa miguu yake mwenyewe.

"Tutajenga daraja la mbao, watu wasilowe," Torunn akasema, akipiga picha. "Na kibao. Una hadithi yoyote ya kuandika kwenye kibao?"

"Andika kuna mbu."

Njia ikahamishwa. Mteremko ukafungwa kwa kamba na tangazo, na kulungu wa Niillas wakarudi kuzaa kwa amani. Hakuja kushukuru. Alipokutana na Risten dukani alimuuliza, mbele ya watu, kama theluji imeyeyuka kule kwake. Risten akamwambia aende akalambe mkia wa kulungu.

Mbao za daraja zilifika Juni. Kibao kilitangazwa kusimikwa mwanzo wa Agosti, wakati luomi zinapoiva na wageni wanapofurika. Risten alihesabu siku. Katika wiki ya tatu ya Julai alichukua ndoo nne na kwenda moja kwa moja, kwa njia iliyonyooka, kama ambavyo hakuwahi kwenda maishani mwake.

Kinamasi kilikuwa chekundu. Luomi mbichi huwa nyekundu na ngumu kama kokoto, na mtu wa kule akichuma mbichi hasalimiwi mwaka mzima. Risten akapiga magoti kwenye maji, akaanza. Alichuma kwa mikono miwili, na majani, na vikonyo, bila kuchagua. Ndoo ya pili ilikuwa inajaa aliposikia viatu vikifyonzwa na matope nyuma yake.

Niillas alisimama na ndoo mkononi. Alikuwa amekuja kupeleleza, ajue lini zitakuwa tayari.

"Hazijaiva," akasema.

"Najua."

"Sasa unachuma za nini?"

"Usizikute."

Niillas akatazama ndoo, akamtazama yeye, matope hadi kiunoni, mbu wamemfunika shingo. Akatazama zile mbao zilizolundikwa kando zikingoja mafundi. Kisha akazunguka hadi upande wa pili wa kinamasi, akapiga magoti, akaanza kuchuma haraka haraka, akija kuelekea kwake.

Walifanya kazi hivyo hadi mchana, kila mmoja akimchungulia mwenzake asimzidi. Walipokaribiana, mikono yao ilifika kwenye kikonyo kimoja. Risten alikuwa mwepesi zaidi. Akalitumbukiza tunda kwenye ndoo yake, akajifuta mkono kwenye suruali, akamwambia asogee, amemzibia njia.