Kadi ya Fundi Mapindo

Tulimwita Fundi Mapindo kwa sababu nusu ya suruali za mtaa zilipindwa kwenye cherehani yake. Ana kifafa tangu utotoni. Dawa anameza asubuhi na jioni, na mimba yake ilipofika miezi minane, mwaka wa pili ulikuwa unakwisha bila kuanguka. Alitaka kujifungua kwa njia ya kawaida, aweze mapema kumbeba tena mwanawe wa kwanza, wa miaka miwili. Sasa sikilizeni vituko.

Siku ya kwanza ya kliniki, mtu fulani aliandika kwenye kadi yake kwa kalamu nyekundu: Kifafa, apasuliwe. Basi kila nesi akaunakili mstari ule kwenye ukurasa wa siku yake.

"Dada, nani kaamua?"

"Imeandikwa, mama."

"Na aliyeandika?"

"Tazama ukurasa wa nyuma."

Ukurasa wa nyuma nao ulinakiliwa kutoka wa nyuma yake.

Nyumbani, mama mkwe akamkalia kooni. "Kubali tu wakukate, mwanangu. Ukianguka katikati ya uchungu tumshike nani, wewe au mtoto?"

Mume akasema yeye yuko na mama. Mama akasema yeye yuko na daktari. Daktari mwenyewe hakuna aliyemwona.

Kliniki iliyofuata, Fundi alivuta kiti akakaa mlangoni kwa daktari, mkwewe pembeni.

"Utazuia njia, mama," daktari akasema.

"Wewe niulize swali moja tu kuhusu ugonjwa wangu, nitaondoka."

"Umeanguka lini mara ya mwisho?"

Fundi akashusha pumzi. Miezi yote ile, ndiyo kwanza anaulizwa.

Daktari akampima. Mtoto alikuwa amegeuka vizuri. "Kifafa peke yake si sababu ya kupasuliwa," akasema. "Utazalia hapa hospitali, na dawa usiruke hata siku ya uchungu. Likizuka jambo, tutaamua pamoja."

"Andika."

Akaandika, akatia sahihi.

Siku ya uchungu, nesi wa zamu alifungua ukurasa wa kwanza. "Huyu ni wa upasuaji."

"Mwanangu," mama mkwe akamwambia, "kadi ina kurasa nyingi. Soma mpaka mwisho, mimi nasubiri." Akasimama palepale, mkono kiunoni, mpaka kurasa zilipokwisha.

Mtoto wa kike alizaliwa kabla ya adhuhuri, kwa njia ya kawaida. Fundi hakuanguka. Alipomaliza kumnyonyesha, akaomba kadi aone wameandika nini.