Cheti cha Kutopiga Magoti

Juma lililopita nilikuwa katika zahanati moja hapa Tabora, nikingoja dawa ya kikohozi, wakati mganga akimpima goti mama mmoja wa Bukene. Alimshika kile kifupa cha mbele, pia ya goti, akamwonyesha kinavyopanda na kushuka mguu unapokunjwa, na kinavyousaidia msuli wa paja kuunyoosha. Chake kilikuwa kimelika kwa ndani, kikisagana na mfupa wa paja kama mawe mawili.

“Usipige magoti miezi mitatu.”

Mama akaduwaa. Kwao mke hamwamkii mkwewe akiwa wima. “Basi niandikie cheti, bwana mganga. Mama mkwe ataniona nina kiburi.”

Karani wa zahanati, aliyeketi mezani kando yao, akapekua makabrasha yake kwa uaminifu. “Kipo cha kupumzishwa kazi ya barabara, kipo cha kuchanjwa ndui. Cha kutopiga magoti Serikali haijaleta.”

“Na kingekuwapo, nani angenisomea?”

Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa mama mkwe mwenyewe, aliyekuja naye kwa garimoshi na kuachwa barazani. Akaingia polepole, akaulaza mkongojo sakafuni, akaitwaa bendeji mkononi mwa mganga, akapiga magoti mbele ya mkaza mwana wake na kuanza kumfunga goti.

“Mama, jamani, inuka! Watu wanatuona.”

“Waache waone, mwanangu. Magoti yangu bado yana nguvu.”

Hayakuwa nazo. Tulimwinua watu wawili, mimi na yule karani, ambaye tangu asubuhi hakuwa amemnyanyukia mtu.