Swichi ya chini ya siti

Leo nimekaa masaa mawili namwangalia fundi akihangaika bure.

Mnunuzi wa ile sport yangu kaja kwangu Kibamba asubuhi na fundi wake. Pikipiki haiwaki.
Fundi kabadilisha plagi. Kapima betri. Kafungua mpaka tenki.
Mie: "Sijui braza, jana iliwaka."

Nilikuwa najua. Kuna swichi ya siri ya kuzuia wezi, nimeizima mwenyewe, maana sikutaka pikipiki iuzwe.

Mke wangu, anayetaka iuzwe tangu nianguke nayo Ubungo, katoka na chai. Kapitisha mkono chini ya siti, kabonyeza.

"Jaribu sasa, shemeji."

Ikawaka hapo hapo. Wote wakanigeukia.

Imeshaondoka. Sina hasira, sina chochote. Nyie mngesemaje?

Swichi nilimwonyesha mwenyewe, siku namwambia sina siri naye.